Usiiuze Pijo ya Babu kwa Kilo

Wasee, wacha nianze na mizani.

Januari 2022, baba yangu mdogo alikuwa ashapatana na mnunuzi wa vyuma chakavu. Gari la babu, Peugeot 504 ile ndefu ya safu tatu za viti, lingekatwa vipande pale pale chini ya mwembe, nje kidogo ya Sondu. Lingepimwa, halafu dani, yaani nyanya yangu, alipwe kwa kilo. Kama mtu anayeuza mahindi. Lori lilikuwa lije wiki iliyofuata.

Halikuja. Mwezi huo huo minara ya stima ilianguka, nchi ikaingia gizani, na lawama zikawaendea watu wanaokata vyuma vya minara ili waviuze. Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Iliruhusiwa tena Mei, na masharti mapya, lakini hiyo miezi mitatu na kitu ilinitosha. Mnunuzi aliporudi kuulizia, mimi nilikuwa nimeshamwambia dani, "Niachie hilo gari." Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama najua hata kufungua boneti.

Sikujua. Manze, sikujua hata upande gani wa kuvuta.

Leo nataka kuwaambia historia ya hilo gari, kwa sababu si ya familia yetu peke yake. Na maoni yangu niyaseme mapema ili usije ukaniuliza mwishoni: gari la zamani Kenya haliokolewi na pesa. Linaokolewa na mtu anayelijua kwa mikono, na hao watu wanatuacha haraka kuliko kutu inavyokula bodi. Kama unataka projekti yako ya kwanza iwe gari la kizamani, tafuta fundi kwanza, gari baadaye.

Mtoto wa gereji, Kericho

Ukitaja magari ya kizamani, wengi wetu tunaona picha ya Nairobi. Concours d'Elegance pale uwanja wa farasi wa Ngong, mabwana wenye kofia, magari yanang'aa, jaji anapitisha kidole chini ya boneti akitafuta vumbi. Unaangalia picha, unajisemea hii ni ya wenye pesa, unaendelea na maisha yako.

Lakini simama Sondu sokoni, angalia upande wa milima. Ukishika barabara inayopanda kupitia Kapsoit unafika Kericho. Huko Kericho, mwaka 1932, alizaliwa Joginder Singh. Alikulia kwenye mambo ya gereji, akawa makanika, na mwaka 1958 akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuzunguka barabarani kusaidia waliokwama. Yaani kazi yake ilikuwa kukuta gari la mtu limekufa porini na kulifufua hapo hapo, na vifaa alivyobeba.

Mwaka 1965 alishinda Safari Rally pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544. Sasa sikiza vizuri: halikuwa gari jipya. Lilikuwa limeshatumiwa na timu ya Volvo yenyewe, yeye akalichukua likiwa la mtumba, akalitengeneza, akawashinda wenye magari mapya kwa zaidi ya saa moja na nusu. Aliongeza ushindi mara mbili, 1974 na 1976, kwa Mitsubishi Lancer. Watu wakamwita Simba wa Kenya. Alishiriki Safari mara 22 na akamaliza 19. Kwa mashindano yaliyokuwa yanavunja magari kama biskuti, hiyo namba ya kumaliza ndiyo inayonishangaza kuliko ushindi. Alifariki London mwaka 2013.

Kwa hivyo mtu asikwambie kufufua gari lililotumika ni starehe ya kuiga Wazungu. Mmoja wa madereva wakubwa zaidi kuwahi kutoka nchi hii alitoka gereji, na ushindi wake wa kwanza ulikuwa kwa gari la mtumba. Na hakutoka mbali. Ni huku kwetu juu.

Pijo ilivyokuja kuwa yetu

Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, bodi ikiwa imechorwa na Pininfarina wa Italia. Mwaka 1969 ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya. Kule lilikuwa gari la daktari, la meneja, la familia inayoenda likizo.

Huku lilikuta jina limeshatengenezwa. Kaka yake mkubwa, 404, alikuwa ameshinda Safari mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Zile za 1963 na 1968 ndizo wazee wanazisimulia mpaka leo, kwa sababu kila mara magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, mkazi wa Kenya, akiwa na Paddy Cliff. Zile mbili za katikati zilichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell waliotoka Tanzania. Halafu 504 yenyewe ikashinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Fikiria wewe ni mfanyabiashara wa Kisumu miaka hiyo. Umeona gari linapita matope ya mwezi wa nne likitoka upande wa pili mzima. Utanunua gani?

Baadaye 504 ikawa inaunganishwa hapa hapa nchini, Mombasa. Na ile ndefu, iliyokuwa na urefu wa mita 2.90 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma wakati ile ya kawaida ni mita 2.74, ikapata kazi ambayo Mfaransa hakuipanga: matatu ya masafa marefu.

Historia ya hapo inabidi uijue. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalum zilizokuwa zinatakiwa kwa mabasi. Kabla ya hapo zilikuwa zinafanya kazi kwa kujificha. Baada ya hapo, mtu yeyote mwenye gari la kubeba watu angeweza kuingia barabarani. Huku Nyanza, Pijo ikawa mfalme. Kisumu, Ahero, Katito, Sondu, Oyugis, Kisii: hiyo ndiyo ilikuwa laini ya babu. Safu tatu za viti, kuku kwenye buti, na abiria wa mwisho amekaa nusu kwenye kiti na nusu kwenye mlango. Dani anasema babu alikuwa akifika Sondu siku ya soko la ng'ombe, hakuna haja ya kupiga honi. Watu walijua mlio wa injini yake.

Sasa, kwa nini hilo gari na si lingine? Rally ilisaidia jina. Lakini sababu iliyolifanya likae miaka thelathini kazini iko ndani ya injini, na mimi niliielewa baada ya kuchafuka.

Kwa injini nyingi, matundu ambamo pistoni zinapanda na kushuka yamechongwa moja kwa moja kwenye chuma cha injini yenyewe. Yakichakaa, lazima upeleke injini nzima kwa mashine kubwa ya kuchonga. Injini ya petroli ya 504 haikujengwa hivyo. Kila pistoni inakaa ndani ya slivu, bomba la chuma linaloingizwa kwenye injini, na maji ya kupoza yanazunguka nje ya hilo bomba. Slivu ikichakaa unaichomoa, unaweka mpya na pistoni yake, unafunga, unaondoka. Kazi hiyo fundi makini anaweza kuifanya chini ya mti. Na chini ya mti ndiko mafundi wetu walikokuwa.

Kuna kitu nakipenda sana hapo. Mwaka 1986 Rais Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Likaitwa Nyayo Pioneer. Mwaka 1990 yakaonyeshwa matano ya majaribio, na mradi haukuwahi kufika kwenye kutengeneza ya kuuza. Tunacheka sana tukilitaja hilo gari. Lakini wakati huo huo, bila hotuba na bila bendi, mafundi wa jua kali wa Sondu, Ahero na Kibuye walikuwa wanabadilisha slivu, wanachomelea sakafu, wanachonga bushi kutoka kwa mpira wa tairi kuukuu. Kama unauliza gari gani Wakenya walilitengeneza, mimi nitakuambia ni Pijo. Tuliitengeneza kwa kuirudia rudia mpaka mwishowe kilichobaki cha Ufaransa kilikuwa nembo ya simba pale mbele.

Na si sisi peke yetu. Watu wa Cuba walikatwa na magari mapya ya Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakakaa na yale yale ya miaka ya 1950, wakiyawekea spea za kubahatisha. Leo watalii wanalipa kuyapanda. Huko wanaitwa wabunifu. Huku tulikuwa tunaitwa watu wa jua kali, na kwa muda mrefu haikuwa sifa.

Ilivyokufa

Pijo haikufa siku moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kuingia kwa wingi. Zile van tunazoziita Nissan, hata kama ni Toyota, zikaingia kwenye laini. Zilibeba watu wengi zaidi, na milango yake haikuhitaji mtu aifunge kwa goti.

Halafu Februari 2004 zikaanza kutekelezwa sheria za waziri John Michuki. Mikanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni. Ukweli usemwe, zile sheria ziliokoa watu, na ile biashara ya kukaa nusu kwenye mlango haikustahili kuendelea. Lakini kwa mzee mwenye Pijo iliyochoka, kuweka hayo yote kulimaanisha kutumia pesa kubwa kwa gari ambalo abiria walikuwa washaanza kulikimbia. Babu alipiga hesabu, akaegesha chini ya mwembe. Akasema ataliangalia mwezi ujao.

Mwezi ujao ulichukua miaka kumi na minane. Babu alitangulia, gari likabaki. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Bado lilikuwa na namba yake ya zamani, herufi tatu na tarakimu tatu, bila ile herufi ya mwisho iliyokuja na mfumo wa KAA.

Nilivyoharibu

Mimi nilianza vile vijana wengi tunaanza: nilinunua rangi. Sitanii. Pesa yangu ya kwanza, ya kazi ya kuhariri video za harusi, nilinunua rangi ya bluu kwa sababu nilikuwa nimeona picha ya moja ya bluu na nikapenda. Ile rangi ilikaa miaka miwili ikikauka kwenye mkebe.

Kosa la pili, nilifungua kila kitu. Niliangalia video za YouTube usiku, asubuhi nafungua. Skrubu zote nikaweka kwenye ndoo moja. Ukitaka kulia bila kupigwa na mtu, mwaga ndoo ya skrubu zaidi ya mia zinazofanana, halafu jiulize ipi ilitoka wapi.

Kosa la tatu lilikuwa karatasi. Kitabu cha gari kilikuwa na jina la babu, na babu hayupo. Kisheria mali ya marehemu haihamishwi hivi hivi. Lazima familia ipitie mambo ya mirathi kwanza. Baba mdogo, yule yule wa mizani, ndiye aliyenishika mkono huko. Aliniambia, "Ukilitengeneza kabla ya karatasi, utakuwa umemtengenezea shangazi yako mmoja ambaye humjui." Alikuwa sahihi kuhusu karatasi. Kuhusu shangazi tutaongea siku nyingine.

Kosa la nne ndilo lililonipeleka kwa Jaduong'.

Injini ilikuwa imeshikana. Nikafanya vile nilivyosoma: nikatoa plagi, nikamimina oili kwenye matundu, nikaiacha siku kadhaa, nikajaribu kuizungusha polepole kwa mkono. Haikusonga. Nikatoa kichwa cha injini, ile silinda hedi ya alumini, nikaona slivu nne zimekaa pale na kutu kidogo tu. Nikafurahi. Nikachukua spana kubwa, nikashika kranki, nikawa navuta.

Mzee mmoja alikuwa anapita na baiskeli. Alisimama, akaiacha baiskeli ianguke, akapiga kelele, "Nyara! Wacha!"

Nyara ni binti yangu, kwa Kijaluo. Nikaacha.

Akaja, akainama, akaweka kidole kwenye ukingo wa slivu ya pili. Ilikuwa imeinuka, unywele tu. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unachoma. Hizi slivu zinashikiliwa na kichwa. Ukikitoa kichwa, hakuna kinachozibana. Ukizungusha kranki, pistoni inaweza kuinua slivu na kuvunja ile sili ya chini inayozuia maji. Halafu unafunga injini yako vizuri, unaiwasha, na maji yanaingia kwenye oili. Siku ya pili unachomoa kijiti cha oili unakuta rangi ya chai ya maziwa. Unaharibu kila kitu na hujui ulikosea wapi. Kwanza banana slivu kwa bolti na washa pana, ndipo uzungushe.

Video yangu ilikuwa ya dakika arobaini na haikusema hilo. Yule aliyeitengeneza alikuwa na injini ya aina nyingine.

Nilimuuliza amejuaje. "Nilishika hii," akasema, akigonga boneti. Kumbe yeye ndiye alikuwa fundi wa babu. Aliweka slivu zake za mwisho miaka ya tisini. Alikuwa anapita hapo kila wiki akielekea sokoni, na kila wiki anaiangalia Pijo chini ya mwembe, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kitu.

Hilo liliniuma kuliko makosa yangu yote.

Mto na mpaka

Jaduong' alikuwa fundi wa injini. Bodi hakuigusa. Alisema bodi ya hii gari siku zote ilikuwa ya rafiki yake, mzee wa Kipsigis wa ng'ambo, ndiye anayejua kuchomelea hii sakafu bila kuipinda. Wageni kwenu mnaosoma kutoka Nairobi: Sondu iko mpakani. Upande mmoja Kisumu, upande mwingine Kericho, na Wakisii hawako mbali. Soko ni moja. Mto ni mmoja, ule ule unaozungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu kabla haujaingia ziwani. Na mara kwa mara tunagombana.

Mzee wa bodi alikuja, akalala chini ya gari na tochi, akatoka akiwa na orodha kichwani. Mimi namwita boiyot, mzee kwa lugha yao. Yeye na Jaduong' wanaongea Kiswahili chao cha gereji, cha mafumbo na matusi ya kirafiki. Alikata sakafu iliyooza upande wa dereva, akachukua bati la mlango wa gari jingine, akalipiga kwa nyundo mpaka likakubali mkunjo. Alikuwa amefika nusu.

Halafu ikaja 2023. Mwaka huo Sondu iliingia kwenye habari kwa mambo mabaya. Mapigano ya mpakani, watu wakafa, nyumba na mali zikachomwa. Boiyot hakuweza kuvuka kuja huku, na sisi hatukuthubutu kwenda huko. Gari lilikaa na shimo kwenye sakafu kwa miezi. Ningeweza kutafuta fundi mwingine Kisumu. Jaduong' alikataa. Alisema, "Huyo ataweka kiraka. Tunamngojea mwenyewe."

Tukamngojea. Alirudi siku ya soko, bila simu, amebeba mashine yake ya kuchomelea kwenye bodaboda. Hawakukumbatiana, hawakuhutubu. Jaduong' alimwambia amechelewa. Boiyot akasema barabara ilikuwa mbaya. Wakaendelea pale walipoachia.

Sitaki kukudanganya eti gari linaleta amani. Walioumia bado wameumia. Ninachosema ni kwamba hiyo Pijo haikuwahi kutengenezwa na upande mmoja wa mto. Nusu ya ujuzi wake uko huku, nusu uko ng'ambo. Tukifunga barabara, hata gari letu wenyewe hatuwezi kulimaliza. Hilo sikusoma mahali. Nililiona kwenye shimo la sakafu.

Kwa hivyo unataka projekti yako ya kwanza

Injini iliwaka mwezi wa nane, 2024. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Jaduong' akafungua kabureta, akapuliza kitundu kimoja kidogo kwa mdomo, akafunga. Ikawaka ikakaa. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini kwenye sikio, akafunga macho akisikiza. Dani alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Hakusema kitu. Alisimama tu hapo mpaka tukaizima, halafu akaniuliza kama nimekula.

Gari halijaisha. Breki za nyuma bado, waya za taa bado, na ile rangi ya bluu ilishatupwa. Jaduong' anasema rangi huja mwisho, kama wageni.

Ukiniuliza uanzie wapi, nitakuambia hivi. Tafuta karatasi kabla ya spana. Lala chini ya gari uangalie kutu kabla hujaangalia kiti. Kila skrubu iwe na mfuko wake na jina lake. Anza na vitu vya kukusimamisha, yaani breki, kabla ya vitu vya kukukimbiza. Na chagua gari ambalo mtaani kwenu kuna mtu aliyewahi kulishika. Kwa sasa sheria yetu inataka magari ya mtumba yanayoingia yasizidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Maana yake kwa watu kama sisi, magari ya kizamani ni yale yaliyoko tayari. Yako chini ya mwembe, nyuma ya ghala, kwenye boma la mtu aliyefariki. Kila moja linalopimwa kwa kilo limekwenda.

Lakini vyuma si ndivyo vinavyonipa haraka. Jaduong' ana miaka zaidi ya sabini na jicho lake la kulia limeingia ukungu. Boiyot mikono inatetemeka asubuhi mpaka anywe chai. Hakuna chuo kilichowahi kuandika wanachokijua, kwa sababu kwa macho ya vyeti hawakuwahi kusoma. Nimeanza kuwarekodi kwa simu, kila Jumamosi, wakifanya kazi. Sauti ni mbaya, kuku wanapiga kelele, na Jaduong' anasahau kamera ipo na kutukana. Sijali. Ile ya slivu nimeirekodi mara tatu.

Babu yako, shangazi yako, jirani yenu aliwahi kuwa na gari. Kulikuwa na mtu aliyelitengeneza. Pengine bado anapita hapo na baiskeli kila wiki, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Muulize wikendi hii. Gari litakungoja kidogo. Yeye sina uhakika.